Mti Uliomzidi Yusta Umri

Mti ule ulikuwa na umri mkubwa kuliko mgonjwa mwenyewe. Atuganile aliukagua, akabadilisha mwendo wa saa ya seli, ile inayopima umri kwa kuhesabu mabadiliko, akaurudisha, akaukagua tena huku chai ikipoa mezani, na jibu likabaki lile lile. Saratani iliyokuwa kifuani mwa Yusta Mgaya, mwanamke wa miaka thelathini na minane, ilikuwa imeanza kuchipua miaka tisini iliyopita.

"Hongera zake," Atuganile alisema kwa sauti. "Kaanza kuugua bibi yake hajaolewa."

Hakuna aliyecheka, maana chumbani alikuwa yeye na Mchora, na Mchora ni mashine. Nje, ukungu wa Njombe ulikuwa bado umelala juu ya misonobari ingawa jua lilikuwa limeshapanda, na wauguzi walipita kwenye korido wamevaa masweta juu ya sare zao.

Katika Hospitali ya Ukingani kazi ya Atuganile iliitwa kusoma miti. Uvimbe ulipokatwa vipande, Mchora alisoma vinasaba vya kila kipande, akaona vipi vimebadilika na vipi havijaguswa, kisha akapanga nani kamzaa nani. Mabadiliko yaliyoenea katika kila seli ya ugonjwa yalitokea mwanzoni, na hayo yakawa shina. Yaliyokuwa upande mmoja tu yalikuja baadaye, nayo yakawa tawi. Chini kabisa, penye mzizi, iliwekwa damu ya mgonjwa, kwa kuwa damu ndiyo ilionyesha mwili ulivyokuwa kabla haujaharibika. Wasoma miti wote walifundishwa hivyo na wote walifanya hivyo, bila kuuliza, kama mtu anavyonawa mikono kabla ya kula.

Yusta alikuwa na vimbe mbili, moja katika pafu la kulia na nyingine la kushoto. Kwenye hadubini zilifanana kama mapacha. Swali lilikuwa moja tu: je, moja ilimzaa mwenzake, au kila moja ilijizukia? Kama zilizaana, basi ugonjwa umesambaa na kisu hakina faida tena. Kama kila moja ina asili yake, zote zilikuwa ndogo, za kukatwa na mtu akarudi kwake. Na mti wa Mchora ulisema zimezaana. Shina moja refu, nene, na juu kabisa vitawi viwili vifupi.

Ulikuwa mti mzuri mno, na Atuganile hakuipenda miti mizuri. Saratani aliyoizoea yeye ilikuwa kitu cha vurugu, matawi yamesongamana, mengine yamekauka. Halafu kulikuwa na suala la makovu. Kila kinachoharibu seli huacha kovu lake. Moshi una lake, jua lina lake, uzee una lake. Kwenye vitawi vya Yusta aliona makovu ya moshi, ya mtu aliyekua akipuliza kuni jikoni. Kwenye shina hakuona hata moja. Maelfu ya mabadiliko, na yote masafi. Ilikuwa kama mtu anayedai kapigwa na soko zima halafu hana hata mchubuko.

Hapo ndipo wazo likamjia, na lilipomjia akahisi baridi ambayo haikuwa ya Njombe. Labda hayakuwa mabadiliko. Labda Yusta alizaliwa nayo. Na kama alizaliwa nayo, na hayamo katika damu iliyowekwa penye mzizi, basi ile damu haikuwa ya Yusta.

Kuhakikisha ilikuwa kazi ya dakika moja. Angemwambia Mchora afungue Pazia.

Pazia lilikuwepo kwa sababu ya watu kama mjomba wake Atuganile. Zamani, mashine zilipoanza kusoma watu wote wa nyanda za juu, msomaji mmoja mropokaji alimwambia mjomba huyo kwamba watoto wake wawili si wake. Hakuulizwa, alisema tu. Mke akafukuzwa na watoto wakaondoka naye, na nyumba ile mpaka leo imekaa tupu pale Tukuyu. Nyumba za namna hiyo zilikuwa nyingi. Mwisho sheria ikatungwa: kumbukumbu zote za zamani za vinasaba zifutwe, na kila mashine ifunike sehemu za ukoo kabla ya kuchora chochote. Msoma miti asome ugonjwa, asisome familia. Atuganile aliapa hivyo mbele ya mama yake, na aliapa kwa moyo wote, maana aliwapenda sana wale binamu zake wawili.

Sasa aliona ubaya wa Pazia, jambo ambalo hakuna aliyemfundisha. Lilificha alama zote za ukoo zinazojulikana. Zile adimu, ambazo hazijulikani, lilizipitisha. Kama damu ni ya mtu mwingine, zile chache zilizopita ndizo zilizojipanga na kujifanya shina, na ushahidi wenyewe ukabaki nyuma ya Pazia.

Kidole chake kilikuwa juu ya kitufe cha kulifungua. Angefungua, asingeona jambo moja tu. Angeona yote, nani wa nani. Aliondoa kidole, akanywa chai baridi, akaenda kumtafuta daktari.

*

Daktari Ndunguru alikuwa mtu mwema ambaye wema wake ulikuwa na haraka. Alimsikiliza Atuganile amesimama, miwani juu ya kipaji.

"Damu si yake kivipi? Tumeitoa mkononi mwake. Nilikuwepo."

"Najua, daktari. Lakini kuna watu waliopandikizwa uloto, ule ute wa ndani ya mifupa unaozalisha damu. Ukipandikizwa uloto wa mwenzako, damu yako yote inakuwa yake mpaka unakufa."

"Tulimuuliza. Hajawahi kulazwa hata siku moja. Mama yake naye kasema hivyo hivyo."

"Basi nipe muda."

"Atuganile, sindano ni saa nane. Imetengenezwa tayari kwa alama za shina lake. Nikiahirisha kwa sababu mti ni mzuri kupita kiasi, nitamwambia nini?"

Sindano ya shina ndiyo iliyokuwa fahari ya Ukingani. Iliwafundisha askari wa mwili kumtambua adui kwa alama za shina na kuua kila seli yenye alama hizo, hata iwe imekimbilia tawi lolote. Iliwahi kuwainua watu waliokwisha kuagwa na ndugu zao. Lakini Atuganile aliifikiria ile orodha ya alama.

"Daktari, kama alama zile alizaliwa nazo, ziko kwenye ngozi yake, ziko kwenye ini, na kwenye moyo. Unaenda kuwaambia askari waue mwili mzima."

"Mchora amehakiki. Alama hazimo kwenye damu, kwa hiyo mwili uko salama."

"Ndiyo ninachosema mimi!"

Daktari alishusha miwani. Alimtazama, na Atuganile akaona kwamba amemuelewa na kwamba kuelewa kule hakukumfurahisha.

"Bila ushahidi siwezi kusimamisha tiba," alisema taratibu. "Kalete ridhaa. Ya mgonjwa, na ya mzazi aliye hai. Ukiipata, fungua Pazia, nami nitakuwa wa kwanza kukushukuru."

*

Yusta alikuwa na kitalu cha miche ya parachichi upande wa Lupembe, na hata kitandani mikono yake haikutulia. Alikuwa akichambua nyuzi za shuka. Mama yake, Editruda, alikaa pembeni amejifunga khanga mbili juu ya koti, kikapu cha viazi vya kuchemsha mapajani.

"Kamwene," Atuganile alisalimia, kwa kuwa alishakaa Njombe vya kutosha.

"Kamwene, mwanangu," Editruda alijibu. "Karibu viazi. Huyu hali, anasema sindano itamtapisha."

Atuganile alivuta kiti, akawaeleza bila kuzungukazunguka, ila kwa maneno mepesi. Mti una kasoro. Inawezekana mzizi si wake. Akitaka kujua, lazima afungue Pazia, na hawezi kufungua bila wao wawili kukubali.

"Mimi nakubali," Yusta alisema papo hapo. "Fungua hata mara mbili. Nina nini cha kuficha, miche?"

Editruda alikivuta kikapu karibu na tumbo. Kisha akasema, "Hapana."

"Mama!"

"Nimesema hapana. Daktari kasema sindano, basi iwe sindano. Mambo ya ukoo tangu lini yakatibu kifua?"

Atuganile alimtazama yule mama. Mikono yake ilikuwa imekishika kikapu kwa nguvu hadi mishipa ikatokeza. Akajua. Hakujua nini hasa, ila alijua kwamba kipo.

"Mama, samahani nakuuliza. Utotoni Yusta aliwahi kuwekewa uloto wa mtu mwingine?"

"Sijui unachosema."

"Sihitaji jina la mtu. Ukisema ndiyo tu, inatosha."

"Nimeshasema sijui. Mnatusumbua."

Mlangoni aliingia muuguzi na kisahani cha chuma kilichofunikwa kitambaa cheupe. Akatabasamu, akasema ni saa nane kasoro, dada Yusta ajiandae, akaanza kutafuta mshipa mkononi mwake.

Atuganile alisimama. Baadaye hakukumbuka kama aliamua, alikumbuka tu kwamba miguu ilikuwa tayari imesimama. Aliwaona wale binamu zake wakipanda lori na magodoro. Alimwona mama yake siku ya kiapo, alivyokuwa akijifuta machozi kwa furaha. Kisha akamwona Yusta, ambaye alikuwa hapa, na mkono wake umenyooshwa.

"Dada, subiri," alimwambia muuguzi. "Usimguse mpaka nirudi." Akamgeukia Editruda. "Mama, nakuheshimu. Sitaki siri yako. Lakini sindano ile ikiingia na mimi nikawa sahihi, itamuua binti yako, itaanza na ngozi. Naenda kufungua Pazia bila ridhaa yako. Leo watanifukuza kazi, na haki wanayo, na nitaona hicho usichotaka nikione. Nisamehe."

Alifika mlangoni.

"Rudi," Editruda alisema.

Atuganile alirudi.

"Usifungue. Nitasema mwenyewe. Afadhali alisikie kwangu kuliko kwa limashine lenu." Alikiweka kikapu chini. Alimtazama binti yake, akashindwa, akatazama dirisha. "Yusta, ulizaliwa na selimundu. Kaka yako aliyekutangulia alikufa nayo, wakasema mimi ndiye niliyeileta kwenye ukoo wa Mgaya. Ulipoanza kulia usiku nikasema huyu hawatamzika. Tukakupeleka mjini, wakakuwekea uloto ukapona kabisa. Tukarudi, tukasema tulikwenda kusalimia. Ulikuwa hujajua hata kuongea vizuri."

Yusta aliacha kuchambua shuka. Kisha, kwa sababu alikuwa mtu wa kitalu na akili yake ilikwenda ilikozoea, akasema, "Kwa hiyo mimi nimebebeshwa. Mzizi wa mti mwingine, matawi ya mti mwingine."

"Ndivyo hivyo hasa," Atuganile alisema, akakaa. "Na sisi tukalinganisha matawi yako na mzizi wa mtu mwingine."

Muuguzi alikifunika tena kisahani chake na kutoka nacho kimya kimya.

"Wa nani?" Yusta aliuliza. "Mama. Uloto wa nani?"

"Dada, hilo si lazima ujibiwe leo," Atuganile aliingilia. "Kwa tiba hatulihitaji." Alitaka kutoka. Ila Editruda alimshika mkono wa koti akambakiza pale, kama shahidi.

"Walipima ukoo mzima. Aliyefaa alikuwa mmoja. Wendelini."

"Wendelini wa mama mkubwa?"

"Si wa mama mkubwa." Ndipo alipolia. "Nilimzaa nikiwa shuleni. Dada yangu akamchukua, akasema ni wake, kila mtu akakubali. Alikuwa na miaka minane siku ile. Nikamdanganya ni chanjo. Alichomwa nyongani na hakulia, aliniuliza tu, mama mdogo, nikimaliza utaninunulia andazi? Baba yako amekufa hajui kwamba Wendelini ni wangu. Yusta, nilidhani ukijua utaniona mwongo maisha yangu yote."

Yusta alinyoosha mikono. Alimvuta mama yake mpaka kichwa chake kikalala kifuani pale pale penye zile vimbe mbili, akamshika hivyo. Atuganile alitazama viazi.

*

Kipande cha ngozi kilichukuliwa mkononi mwa Yusta, upande wa ndani, kiwe mzizi mpya. Mate yasingefaa, yamejaa seli za damu. Maabara iliotesha seli za ngozi mpaka zikatosha, na siku zile za kungoja zilikuwa ndefu kwa kila mtu. Hata Daktari Ndunguru, mtu wa haraka, alipita mara kwa mara kwenye chumba cha miti kuuliza habari ambazo alijua bado hazipo. Sindano ilikuwa imeharibiwa kwa amri yake mwenyewe.

Asubuhi Mchora alipochora upya, Atuganile hakupumua mpaka mstari wa mwisho. Halafu alifunika uso kwa mikono miwili, akacheka peke yake kama mwehu.

Desturi ya Ukingani ilikuwa kwamba mti hausomwi kwenye kioo. Msomaji huuchora kwa chaki ubaoni, mbele ya mgonjwa na watu wake, ili wauone ukiota na waulize wanapotaka. Yusta na mama yake walikaa kwenye benchi, wameshikana mikono. Daktari alisimama nyuma. Atuganile alichora udongo kwanza, mstari mmoja mrefu chini ya ubao.

"Huyu ni Yusta," alisema. "Safari hii Yusta mwenyewe."

Kushoto akachora mche mdogo, vijani viwili. Akahamia kulia kabisa, akachora mche mwingine, mdogo kuliko wa kwanza. Katikati aliacha peupe. Akaweka chaki chini.

Yusta aliinamisha kichwa. "Shina liko wapi?"

"Hakuna. Lile shina lote lilikuwa wewe. Ulivyozaliwa." Atuganile alijaribu kusema kama mtaalamu, akashindwa, tabasamu likamzidi nguvu. "Hizi hazijuani. Kila moja imeota kivyake, labda kwa dawa kali walizokupa utotoni kabla ya uloto, na moshi ukaongezea. Hakuna iliyosambaa kwenda popote. Ni miche miwili michanga."

"Nitaikata yote miwili," Daktari Ndunguru alisema kutoka nyuma. "Mmoja wiki hii, mwingine ukipata nguvu. Na utazeeka, Yusta, nakuambia. Utazeeka mpaka utuchoshe."

Yusta alitoa pumzi iliyokaa ndani tangu siku alipoambiwa neno saratani. Editruda alipiga vigelegele katikati ya hospitali, kimoja kirefu, wauguzi wakachungulia. Halafu akaona aibu, akajifunika mdomo kwa khanga, akaendelea kucheka ndani ya khanga. Atuganile alimkumbatia bila kuomba ruhusa.

"Mimi sikufungua Pazia," alimnong'oneza. "Lakini nilikuwa naenda kufungua kweli."

"Najua, mwanangu. Uso wako ulisema. Ndiyo maana nikasema."

Yusta alikuwa ameshaichukua simu ya mama yake. Alipiga namba, akaiweka sauti juu, akamsogezea mama yake. Editruda alitikisa kichwa, akairudisha. Yusta akaisogeza tena. Kwenye simu ng'ombe alisikika akilia, kisha sauti nzito ya mwanamume wa makamo.

"Shikamoo, mama mdogo! Vipi Yusta? Wamesemaje?"

Editruda aliishika simu kwa mikono miwili. Alimtazama Yusta, na Yusta akaitikia kwa kichwa.

"Amepona," alisema. "Atapona. Wendelini, panda treni ya kesho uje. Nina neno lako, nimelikalia tangu siku uliyozaliwa."

"Nakuja. Neno gani hilo, mama mdogo?"

Editruda alifuta macho kwa ncha ya khanga.

"Mama," alisema. "Niite mama tu."